Mnofu, Shahamu na Maji: Jinsi Picha za Skana Zinavyoupima Mwili wa Mgonjwa

Mizani ya hospitali hujibu swali moja tu: mwili huu una uzito gani? Uzito huo umetokana na nini, mizani haisemi. Mgonjwa wa ini ambaye tumbo lake limejaa lita nane za maji amebeba kilo nane ambazo si nyama wala si mafuta. Yawezekana amepoteza kilo sita za misuli katika miezi michache, na bado mizani ikaonyesha kwamba ameongezeka kilo mbili. Ndugu zake wanaotazama mabega na mapaja yake wanasema amekonda. Daftari la wodi linasema amenenepa. Katika ubishi huo, mara nyingi ndugu ndio wenye haki.

Huko Kivu jambo hili si geni. Ugonjwa wa utapiamlo ambao watu wa Bushi huuita bwaki, na ambao daktari Cicely Williams aliutangaza katika jarida la Lancet mwaka 1935 kwa jina la kwashiorkor alilolipata kwa wenyeji wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, humvimbisha mtoto miguu na uso. Mtoto wa namna hiyo aweza kuonekana amejaa kuliko nduguye mwenye afya. Kujaa kwake ni maji. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba na kutazama kama shimo linabaki, kabla hawajaamini lolote lililosemwa na mizani.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili zinavyoweza kutenganisha vitu hivi vitatu, mnofu, shahamu na maji, ambavyo mizani huvichanganya; na pia kuonyesha mahali ambapo mashine zenyewe huvichanganya tena. Mahali hapo, kama msomaji atakavyoona, ni karibu na wagonjwa wetu kuliko wagonjwa wa nchi ambako vipimo hivi vilibuniwa.

Tuanze na majina, kwa kuwa kurasa hizi ni za lugha. Neno nyama ni pana mno: ni kitoweo cha sokoni, ni sehemu ya mwili wa mtu, na katika Kiswahili cha kwetu ni hata mnyama mwenyewe anayetembea porini. Mnofu ni nyama tupu isiyo na mfupa. Msuli ni neno la vitabu vya sayansi, nalo lina taabu yake, kwa kuwa mtu wa mwambao akilisikia aweza kudhani unataja nguo ambayo wanaume hujifunga kiunoni. Mafuta ni ya kupikia, ya taa na ya gari. Shahamu, neno lililotoka katika Kiarabu, ni mafuta ya mwili peke yake, na kwa sababu hiyo tunalipendelea hapa. Vitenzi navyo vinastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili sanifu mnyama hunona na mtu hunenepa, kinyume chake mtu hukonda. Lakini hatuna kitenzi cha mtu ambaye mnofu wake umepungua huku shahamu yake ikibaki palepale au kuongezeka. Lugha ilifuata jicho, na jicho halioni chini ya ngozi. Wazungu nao hawakuwa na neno hilo hadi mwaka 1989, Irwin Rosenberg wa Marekani alipounganisha maneno mawili ya Kigiriki, la nyama na la ufukara, akapata sarkopenia. Sisi twaweza kusema upungufu wa mnofu, ingawa ufukara wa Mgiriki una ladha zaidi.

Kabla ya picha, watu walijaribu kuurekebisha uzito kwa hesabu. Mwaka 1832 Adolphe Quetelet, mwanafalaki na mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, aliona kwamba uzito wa watu wazima huelekea kukua kama mraba wa urefu wao. Kutokana na hilo ilizaliwa desturi ya kugawanya kilo kwa mraba wa mita, uwiano ambao Ancel Keys aliupa jina lake la sasa mwaka 1972 na ambao kila zahanati inaujua: chini ya 18.5 mtu ni mwembamba mno, kuanzia 25 amezidi. Uwiano huu unafaa kwa kulinganisha makundi ya watu, na hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo Quetelet. Kwa mgonjwa mmoja kitandani, unarudia kosa lile lile la mizani, kwa kuwa umetokana na mizani.

Picha za eksrei, zilizogunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen huko Würzburg mwezi Novemba 1895, hazikuleta ufumbuzi mara moja. Katika picha ya kawaida kila kilicho njiani mwa mwali hulazwa juu ya kingine: ngozi, shahamu, msuli, utumbo, mfupa, vyote katika kivuli kimoja. Aliyeanza kuifungua fumba hiyo kwa hesabu alikuwa mtu wa Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg na mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa mwaka 1956 kusimamia kwa muda kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Alipoona jinsi tiba ilivyopangwa kana kwamba mwili wote ni kitu cha namna moja, alijiuliza kama mtu akipitisha miali kutoka pembe nyingi angeweza kukokotoa ni kiasi gani cha mwali kimezuiwa katika kila nukta ya ndani. Jibu lake alilichapisha mwaka 1963 na 1964, naye akiwa amekwisha kuhamia Marekani. Karibu hakuna aliyelijali. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, ambaye hakuijua kazi hiyo, alilifikia wazo lile kwa njia yake na kuunda mashine. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo katika hospitali moja ya London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya tiba.

Mashine hiyo ndiyo skana, au skaneri kama wengi wanavyosema hapa kwetu. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba kinachotoka ndani yake si picha bali ni jedwali la nambari, nayo picha imepakwa rangi ya kijivu kufuata nambari hizo. Kila mraba mdogo, yaani kila pikseli, una nambari inayoeleza ni kwa kiasi gani mahali hapo panazuia miali kuliko maji. Maji yamepewa sifuri. Kitu kinachozuia miali kwa asilimia tano zaidi ya maji hupewa 50. Kinachozuia kwa asilimia kumi pungufu hupewa hasi 100. Hewa, ambayo haizuii karibu chochote, ni hasi 1000. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Hounsfield. Shahamu huangukia kati ya hasi 190 na hasi 30. Misuli huhesabiwa kuanzia hasi 29 hadi 150, na ya mtu mwenye afya huwa karibu na 50. Mfupa uko mbali juu, kwenye mamia. Kwa hiyo kuitambua shahamu si suala la jicho kali la daktari. Ni suala la kuihoji kila pikseli nambari yake.

Haikuwa lazima kuupima mwili mzima. Mwaka 1998 watafiti walilinganisha vipimo vya skana na vya mashine ya sumaku na miguu na mikono ya maiti iliyokatwa vipande na kupimwa moja kwa moja, wakakuta kwamba vinakubaliana. Mwaka 2004 Wei Shen na wenzake, waliofanya kazi huko New York, walionyesha kwamba eneo la misuli na la shahamu katika kipande kimoja tu cha tumbo hufuatana kwa karibu na jumla ya misuli na shahamu ya mwili wote. Kipande kilichokuja kupendwa kupita vyote ni kile kinachopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Hapo misuli yote huonekana kama pete: misuli minene iliyo kandokando ya uti wa mgongo, ile inayoshuka kwenda pajani, na ile myembamba inayozunguka ukuta wa tumbo hadi mbele. Shahamu nayo huonekana katika makazi yake matatu, chini ya ngozi, ndani ya tumbo kuzunguka matumbo, na katikati ya misuli.

Tufanye hesabu moja ili jambo lisibaki hewani. Picha ina pikseli 512 kwa 512. Ikiwa upana wote wa eneo lililopigwa ni milimita 400, kila pikseli ina upana wa milimita 0.78 na eneo la milimita za mraba 0.61. Tuseme kompyuta, baada ya mpimaji kuzungushia mipaka ya misuli, imehesabu pikseli 22,000 zenye nambari kati ya hasi 29 na 150. Eneo lake ni sentimita za mraba 134. Mgonjwa ana urefu wa mita 1.65, mraba wake ni 2.72, tukigawanya tunapata 49.3. Hiyo ndiyo fahirisi ya mnofu. Inahitaji picha moja, urefu wa mgonjwa, na programu ambayo si lazima inunuliwe: ImageJ, iliyotungwa katika taasisi za afya za serikali ya Marekani tangu miaka ya 1990, hutolewa bure na hufanya kazi katika kompyuta ya kawaida.

Je, faida yake ni nini kwa mgonjwa? Mwaka 2008 Carla Prado na wenzake wa Kanada walichunguza picha za wagonjwa 250 wa saratani ya mapafu na ya njia ya chakula, ambao wote walikuwa wanene mno kwa kipimo cha Quetelet. Hakuna ambaye angefikiriwa kuwa amekonda. Hata hivyo 38 kati yao walikuwa na mnofu mchache sana chini ya shahamu hiyo, na hao walikufa mapema kuliko wenzao. Picha hazikupigwa kwa ajili ya utafiti. Zilikuwa zimekwisha kupigwa kwa ajili ya kuutafuta uvimbe. Habari ya mnofu ilikuwa imelala ndani ya faili bila kusomwa na mtu.

Utafiti huo uligusa pia suala la dozi. Dawa nyingi za saratani hupimwa kwa kufuata eneo la ngozi ya mgonjwa, nalo hukadiriwa kutokana na urefu na uzito kwa kanuni kama ile ya akina Du Bois ya mwaka 1916. Kanuni hiyo, iliyoamua dozi za watu wasiohesabika, ilijengwa juu ya vipimo vya watu 9. Basi wagonjwa wawili wenye urefu na uzito sawa hupewa dozi sawa, ingawa mmoja ana mnofu mwingi wa kuipokea dawa na mwingine hana. Kwa wale waliochunguzwa na Prado, ilikadiriwa kwamba tofauti hiyo ingeweza kufika mara tatu. Dozi iliyo sahihi kwenye karatasi huweza kuwa sumu mwilini.

Si wingi wa mnofu tu unaosomeka. Kila aliyesimama mbele ya meza ya mchinjaji anajua kwamba kuna nyama nyekundu tupu na kuna nyama iliyochorwa michirizi myeupe. Msuli wa mtu nao hupenywa na shahamu kwa uzee, kwa kulala kitandani muda mrefu na kwa magonjwa, na hapo wastani wa nambari zake hushuka kutoka karibu 50 kwenda chini ya 30. Msuli wa namna hiyo huweza kuwa mpana katika picha lakini dhaifu katika kazi. Hata hivyo hapa mpimaji anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu dawa ya kung'arisha mishipa inayodungwa kabla ya picha huzipandisha nambari za msuli. Mgonjwa aliyepigwa picha ya kwanza bila dawa hiyo na ya pili akiwa nayo ataonekana amepata nafuu ambayo hakuipata.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa 49.3. Je, ana mnofu wa kutosha? Kwa mpaka wa Prado, ambao kwa wanaume ni 52.4, hana. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada waliochunguza wagonjwa wa saratani 1,473 walitoa mipaka mingine: kwa mwanamume ambaye uwiano wake wa Quetelet uko chini ya 25, mpaka ni 43. Ikiwa mtu wetu si mnene, basi kwa mpaka huu yuko salama. Mwili mmoja, picha moja, hukumu mbili. Sababu yake si siri: mpaka wa kwanza ulitokana na wagonjwa wanene peke yao, ambao hubeba misuli mingi zaidi kwa kuwa wanabeba uzito mkubwa zaidi. Kuuhamisha hadi kwa mchimba madini mwembamba wa Kolwezi ni sawa na kumpima kwa rula iliyokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Watu wa Asia waliliona jambo hili mapema; mwaka 2014 kundi lao la wataalamu lilitangaza mipaka yake lenyewe ya upungufu wa mnofu. Waholanzi nao, mwaka 2018, walichapisha viwango vilivyotokana na watu wenye afya waliochunguzwa ili watoe figo, jambo ambalo ni la busara kuliko kuwafanya wagonjwa wa saratani kuwa kioo cha watu wote. Inajulikana pia kutokana na vipimo vya Marekani kwamba watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana misuli mingi zaidi ya viungo na shahamu chache zaidi ndani ya tumbo kuliko Wazungu wenye uzito na urefu ule ule. Lakini Mmarekani mweusi wa Chicago si mkulima wa Walungu, na hatuwezi kuazima nambari zake tukadhani tumemaliza kazi.

Kuna tatizo lingine ambalo, kwa maoni yetu, ni zito kuliko la mipaka. Tulisema kwamba maji ni sifuri. Tulisema pia kwamba msuli huhesabiwa kuanzia hasi 29 hadi 150. Msomaji amekwisha kuona: sifuri imo ndani. Maji yaliyojaa tumboni, yakiachwa bila kuondolewa kwa mkono, huhesabiwa na kompyuta kuwa mnofu. Hilo mpimaji makini huliona na kulirekebisha, kwa kuwa maji ya tumboni yana mahali pake. Lakini maji yaliyoingia ndani ya msuli wenyewe, kama yanavyoingia katika uvimbe wa bwaki, wa figo au wa moyo, hayana mpaka wa kuzungushia. Msuli huvimba, eneo lake huongezeka, nambari zake hushuka kidogo kuelekea sifuri, na fahirisi inasema mgonjwa ana mnofu mzuri. Mashine ya eksrei ya nguvu mbili, ile inayotumiwa kupima wiani wa mifupa, nayo huyaweka maji katika hesabu ya vitu visivyo shahamu. Hivyo kosa la mizani tulilolifukuza mlangoni limerudi kwa dirisha, tena katika miili iliyo dhaifu kuliko yote. Shahamu peke yake ndiyo inayobaki ikisomeka vizuri, kwa kuwa iko upande wa pili wa sifuri.

Na hili halikuwahi kuwa suala la utapiamlo tu. Wagonjwa wa ukimwi waliotumia stavudini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua, walipoteza shahamu ya uso na ya viungo, na baadhi yao wakaongezeka tumboni, pengine bila uzito kubadilika sana. Hapo kipande kimoja cha tumbo na kimoja cha paja vilionyesha waziwazi kile ambacho mizani ilikificha.

Pamoja na hayo yote, hapana budi kusema kwamba hakuna haki ya kumpiga mtu skana ya tumbo kwa ajili ya kupima mnofu tu. Skana ya tumbo huleta mionzi ya milisiviti karibu 10, wakati mionzi ya asili ambayo mtu hupata duniani kwa mwaka mzima ni kama 2.4 kwa wastani. Picha hutumika pale ilipokwisha kupigwa kwa sababu nyingine. Mashine ya sumaku haina mionzi ya namna hiyo, na tangu mbinu ya Dixon ya mwaka 1984 hutenganisha shahamu na maji kwa ustadi mkubwa, ila bei yake inaifanya iwe mbali. Kilicho karibu ni ekografia, ambayo jirani zetu wa mashariki huiita ultrasaundi. Kichwa chake huwekwa mbele ya paja, kwa mafuta mengi ya kupaka na bila kukandamiza, na unene wa shahamu na wa msuli husomwa kwa milimita. Kukandamiza kidogo tu huharibu kipimo, hivyo mpimaji awe mmoja kila mara. Kwa watoto, utepe wa mkono bado unafanya kazi kubwa: mzunguko wa chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni alama ya utapiamlo mkali, na hauhitaji umeme.

Kompyuta nazo zimejifunza kuzungusha mipaka zenyewe, hasa tangu ulipobuniwa mwaka 2015 huko Freiburg, Ujerumani, muundo uitwao U-Net. Kazi iliyomchukua mtu dakika nyingi sasa huchukua sekunde. Hatuna ugomvi nazo. Lakini katika mwili uliokonda kabisa, shahamu inayotenganisha utumbo na ukuta wa tumbo imekwisha, na mpaka wenyewe karibu haupo. Kompyuta iliyofundishwa kwa picha za watu walioshiba itauchora popote. Mtu lazima atazame.

Kazi iliyo mbele ya vyuo vyetu vya tiba haihitaji mashine mpya. Watu wanaoletwa hospitalini baada ya ajali ya barabarani, wakapigwa skana ya tumbo na kukutwa wazima, ni watu wenye afya hadi saa ile ya ajali. Picha zao, zikitengwa na majina yao na kupewa ridhaa inayotakiwa, zingeweza kutupatia viwango vya watu wa hapa. Ila kila picha iandikwe umri, jinsia, kama dawa ya kung'arisha ilitumika, pingili iliyochaguliwa, na hasa urefu. Urefu ndio ambao hauandikwi, kwa kuwa aliyeletwa kwa machela hasimami ukutani. Basi apimwe kwa utepe akiwa amelala, au upimwe mkono wake ulionyooshwa kuanzia katikati ya kifua hadi ncha ya kidole cha kati na kuzidishwa mara mbili, na iandikwe ni njia ipi iliyotumika. Bila hivyo sentimita za mraba 134 hubaki zikisubiri kitu cha kuzigawanya.